Barua ya wazi kwa wakuu wa chuo chetu: toeni bodi stoo, wanafunzi wafanye kazi

Kwa:
Mwenyekiti wa Baraza la Chuo,
Naibu Chansela,
Wakuu wa Kitivo cha Uhandisi na Kitivo cha Kompyuta.

MINTARAFU: BODI ZILIZOFUNGIWA STOO NA SOMO LILILOKOSA MWENYEWE

Waheshimiwa,

Nawaandikia hadharani kuhusu bodi za elektroniki za maabara na somo la pamoja la vitivo vyetu viwili, kwa sababu kuwaandikia faraghani hakukuzaa kitu. Barua zangu zimepigwa mhuri wa kupokewa, zikapelekwa kwenye kamati, kamati ikazirudisha idarani, idara ikazipeleka tena kwenye kamati. Jina la chuo silitaji, wala la mtu yeyote. Waliohusika watakuwa wameshajitambua, na wasiohusika hawana haja ya kujua ni lango gani la Mombasa ninaloingilia kila asubuhi. Wala sina ugomvi na mtu. Baadhi ya wanaonizuia ni watu ninaowaheshimu, na mmoja wao tuliwahi kugawana ofisi moja na birika moja la chai.

Mimi ni profesa wa sayansi ya kompyuta, na utafiti wangu ni usanifu wa pamoja wa maunzi, yaani vifaa vyenyewe vya kompyuta, na programu. Katika kazi hii chipu na programu itakayotumia chipu hiyo hubuniwa kwa wakati mmoja, na watu wanaosikilizana. Kawaida ya kwetu ni mhandisi kumaliza chipu yake peke yake, kisha mwandishi wa programu akaachiwa kuhangaika nayo. Kwa miaka mingi watu waliiona kazi yetu kama pambo. Gordon Moore, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya chipu ya Intel, alibashiri mwaka 1965 kwamba transista, swichi ndogo mno za umeme, zinazoingia kwenye chipu moja zitazidi kuongezeka maradufu, zikaongezeka kweli, na mwenye programu nzito alingoja tu kompyuta mpya imbebee mzigo. Katikati ya miaka ya 2000 neema hiyo ikafika ukingoni. Transista ziliendelea kuwa ndogo, lakini umeme unaoliwa na kila moja haukupungua tena kwa kiasi kile kile, chipu zikapata moto, na kasi ya vichakataji, yaani chipu zinazotekeleza amri za programu, ikaacha kupanda kama zamani. Tangu hapo anayetaka kasi inambidi aitafute pale programu na maunzi yanapokutana.

Na ipo. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha katika jarida la Science hesabu ya kuzidisha majedwali mawili ya namba, kila moja lenye mistari 4,096 kwa safu 4,096. Ikiandikwa kwa lugha ya programu ya Python kama anavyoandika mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ilichukua takriban saa saba. Wakaiandika upya kwa lugha ya C, wakaipanga ifuate umbo la kichakataji chenyewe, kumbukumbu zake za karibu na amri zake maalumu, ikachukua sekunde 0.41. Mashine ni ile ile. Hakuna aliyenunua kompyuta mpya.

Hayo ndiyo ninayofundisha, au ambayo ningefundisha. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba ili anayejibu naye ajibu kwa namba.

1. Bodi zimefungiwa stoo.

Pesa za mfadhili wa nje zilinunua bodi za FPGA kwa ajili ya maabara ya pamoja. FPGA ni chipu ambayo saketi zake hazijakazwa kiwandani. Mwanafunzi huueleza muundo wa saketi kwa maandishi, akaupakia, na chipu ikawa ndiyo saketi hiyo mpaka atakapoifuta na kuandika nyingine. Asubuhi ni kichakataji kidogo, jioni ni mashine ya kuchuja sauti. Bila bodi hizi, mwanafunzi anayetaka kuishika saketi aliyoibuni mwenyewe lazima apeleke michoro kiwandani ng'ambo, pamoja na pesa ambazo ukoo wake mzima hauna.

Bodi zenyewe zimo kwenye katoni, stika za forodha bado zimebandikwa, kati ya makopo ya rangi na madawati ya mtihani. Kitivo cha Uhandisi kinasema bodi ni maunzi, basi ziandikwe katika daftari lake la mali. Kitivo cha Kompyuta kinasema pesa ziliombwa na profesa wake, basi ziandikwe kwake. Mtunza stoo naye, na hapa sina la kumlaumu, anasema hawezi kutoa kifaa kisicho na mwenyewe.

Wakaguzi walipokuja kuhesabu mali nilikuwapo. Karani alifungua katoni, akaitoa bodi moja kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, akaipangusa vumbi kwa kitambaa cha nailoni, akasoma namba yake kwa sauti, akairudisha. Anayejua kwamba umeme tuli unaweza kuiua chipu ataelewa kwa nini nilifumba macho. Sikumkemea, maana siku ile ndiye pekee kati yetu sote aliyekuwa akizishughulikia bodi zile. Ndani ya katoni vilikuwamo vijifuko vya kunyonya unyevu alivyoviweka mtengenezaji. Punje zake zilikuwa zimegeuka kutoka buluu hadi waridi, yaani zimeshajaa na hazinyonyi tena. Stoo haina kiyoyozi, na hewa yetu ina chumvi. Kila mwenye mabati, feni au baiskeli mjini humu anajua chumvi hiyo inafanya nini. Dhamana ya mtengenezaji ilianza kuhesabiwa siku ya kununua na imekwisha bodi zikiwa hazijawashwa hata mara moja. Leseni ya programu ya kuzipangia saketi nayo ni ya muda, na muda unayoyoma.

2. Somo limekosa mwenyewe, na wanafunzi wanaumia.

Niliandika mtaala wa somo la pamoja: wanafunzi wa uhandisi na wa kompyuta wakae darasa moja, wafanye mradi wawili wawili, mmoja kutoka kila upande. Jibu likawa kwamba mwanafunzi hawezi kuhesabiwa alama za kitivo kisicho chake, wala hawezi kuwa na wasimamizi wawili kutoka vitivo viwili.

Niwaonyeshe gharama ya kanuni hiyo. Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa nne alitaka kutengeneza kidude kidogo cha bei nafuu kinachoelewa amri chache za Kiswahili bila intaneti, kwa ajili ya watu kama bibi yake mwenye kibanda Kongowea, asiyesoma na anayetumia mulika mwizi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na sauti ya bibi huyo ingeweza kusafiri hadi mitambo ya ng'ambo ikafasiriwe huko na kurudi. Lakini hiyo yataka bando, na bando ni pesa kila siku. Tena wazee wa Mji wa Kale husema "ndia" mahali ambapo mitambo ya ng'ambo imefundishwa "njia". Kwa hiyo aliamua kila kitu kifanyike ndani ya kidude.

Hapo ndipo maunzi na programu hukataa kutenganishwa. Mfumo wa kutambua sauti ni mamia ya maelfu ya namba zinazozidishwa na kujumlishwa, na kwenye chipu kuzidisha si ghali. Kilicho ghali ni kuleta namba kutoka kumbukumbu iliyo nje ya chipu: kuileta namba moja kutoka huko hula nishati zaidi ya mara 100 ya kuizidisha. Betri ya kidude haiwezi kustahimili hayo. Ikambidi mwanafunzi azibane namba zake zote ziwe fupi, za biti nane, ili zienee ndani ya kumbukumbu ya chipu yenyewe. Lakini ukibana sana, mfumo unaanza kuchanganya "washa" na "wacha". Ukilegeza, namba hazienei. Kiasi gani kibanwe na saketi ipanuliwe wapi ni swali moja lenye pande mbili, nalo hujibiwa kwa kujaribu kwenye bodi, kurekebisha programu, kurekebisha saketi, na kujaribu tena.

Bodi alikataziwa kwa sababu namba yake ya usajili si ya uhandisi. Kijana wa uhandisi aliyekuwa tayari kushirikiana naye akaambiwa achague mradi wenye msimamizi wa kitivo chake. Basi binti akaifanya kazi yote kwa kuiga saketi ndani ya kompyuta ya mkononi, iliyokuwa ikikesha inanguruma ili kuigiza sekunde chache za sauti. Alipewa alama nzuri sana. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: tulimpa mtu alama nzuri kwa saketi ambayo haikuwahi kuwasha hata taa moja, na kila aliyeketi kwenye kikao cha mitihani alijua bodi ziko ghorofa ya chini.

Kama swali la binti huyu laonekana la kitoto, Google walijiuliza hilo hilo. Walipiga hesabu kwamba watu wakitumia utafutaji kwa sauti dakika tatu tu kwa siku, vituo vyao vya data vitahitaji kuwa maradufu. Badala ya kujenga vituo vingine wakabuni chipu kwa ajili ya hesabu ile moja, nayo ikitumia namba za biti nane. Tangu kubuniwa hadi kuwekwa kazini ilichukua miezi 15, na mwaka 2015 ilikuwa inafanya kazi. Ripoti waliyoitoa mwaka 2017 ilisema chipu hiyo, TPU, ilikuwa na kasi ya mara 15 hadi 30 ya vichakataji vya wakati ule katika kazi hiyo, na kwa kila wati ya umeme ilifanya kazi mara 30 hadi 80. Miezi 15. Sisi mtaala wa somo moja umekaa kwenye kamati zaidi ya hapo.

3. Chumba.

Chumba tulichopewa hakina kiyoyozi na kina soketi mbili. Kuigeuza saketi kubwa kutoka maandishi hadi kitu kinachoingia kwenye FPGA huchukua saa kadhaa, na stima ikipotea katikati, mara nyingi unaanza upya. Betri za akiba zilizonunuliwa pamoja na bodi, ambazo kwa muujiza zilipata mwenyewe upesi, zinalinda mashine ya kutoa nakala katika ofisi moja ya utawala. Memo za chuo zinatoka bila kukatika.

4. Fundi wa maabara alistaafu, na nafasi yake haijatangazwa mpaka leo.

Majibu nitakayopewa nayajua, kwa kuwa mengine nimeshapewa kwa mdomo.

Nitaambiwa hakuna pesa. Sijaomba pesa. Bodi zimeshalipiwa, na si kwa shilingi ya chuo. Hata leseni ya mtengenezaji ikiisha, zipo zana za bure zilizo wazi kwa kila mtu, kama Yosys na Verilator. Upo pia RISC-V, usanifu wa kichakataji, yaani orodha ya amri anazozielewa kichakataji, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley mwaka 2010, ambao yeyote anaweza kuutumia bila kulipa ada wala kuomba ruhusa. Mwanafunzi wetu anaweza kubuni kichakataji chake chote kwa usanifu huo, akaongeza amri yake mwenyewe ya kutambua sauti, na asidaiwe na mtu.

Nitaambiwa chipu hutengenezwa Taiwan, sisi ni wanunuzi. Kutengeneza na kubuni ni kazi mbili. Kampuni ya Arm haina kiwanda cha chipu. Nvidia haina kiwanda cha chipu. Hubuni, na kiwanda cha mwingine kikachapa. Kinachohitajika kubuni ni watu, kompyuta na bodi za kujaribia, na vyote vitatu tunavyo ndani ya ua mmoja. Na hata kwenye kutengeneza si kweli kwamba Kenya haimo: Nyeri kuna kiwanda cha chipu cha kampuni ya Semiconductor Technologies ndani ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Wenzetu wa bara wameshaanza kushika kazi hiyo ilhali sisi bado tunabishania daftari.

Nitaambiwa wanafunzi wanataka programu za simu kwa kuwa ndizo zinazoleta ajira. Naomba anayesema hivyo akumbuke M-Pesa ya mwaka 2007 iliingia vipi kwenye simu zetu. Ilikaa kwenye laini yenyewe, ndani ya ile kadi ndogo ya SIM, ikiwa menyu iliyofanya kazi hata kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote. Walioibuni walianza na maunzi ambayo Mkenya alikuwa nayo mfukoni, wakaipima programu kwayo. Wangengoja kila mtu awe na simu ya kioo, wangengoja muda mrefu. Sasa nionyesheni kijana aliyeajirika kuliko yule anayejua kufanya hivyo.

Nitaambiwa pia kwamba uhandisi una masharti ya usajili wa taaluma ambayo kompyuta haina. Hoja hii naikubali kuwa ni nzito, na ndiyo maana sikuomba vitivo viunganishwe. Nimeomba somo moja la hiari na mradi wa mwisho wenye wasimamizi wawili. Hakuna mhandisi atakayefutiwa usajili kwa kuketi karibu na mwanafunzi wa kompyuta alasiri moja kwa wiki.

Jibu la mwisho ni "kanuni ni kanuni". Kanuni hii ilipitishwa na Senati ya chuo hiki, na Senati hiyo hiyo hukutana kila muhula, basi inaweza kuibadilisha. Wasomi wa Marekani John Hennessy na David Patterson walipewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2017 kwa kazi waliyoianza miaka ya 1980, walipotazama amri ambazo programu hutumia kweli, kisha wakabuni vichakataji vyepesi vinavyozifanya amri hizo upesi. Wasomi wa chipu na wa programu walishaacha kugombana kuhusu kufanya kazi pamoja kabla wanafunzi wetu hawajazaliwa. Sisi tumeurithi ugomvi ambao wenyewe wameshausahau.

Ninachoomba ni haya.

Kwanza, Naibu Chansela aandike agizo kwamba bodi hizi ni mali ya chuo, zimekabidhiwa vitivo vyote viwili, na mtunza stoo anaruhusiwa kuzitoa kwa sahihi ya msimamizi wa mradi kutoka upande wowote. Daftari liandikwe baadaye. Zikitoka, zipimwe moja moja na ripoti ya zilizoharibika itolewe wazi, hata kama itatuaibisha.

Pili, Senati katika kikao chake kijacho iruhusu somo la pamoja na wasimamizi wawili, hata kama ni kwa majaribio ya mwaka mmoja.

Tatu, betri zirudi maabara, chumba kiwekwe kiyoyozi, na nafasi ya fundi itangazwe. Kama pesa za kiyoyozi hazipo, tupeni chumba chochote chenye kiyoyozi kinachokaa kitupu baada ya saa kumi. Vyumba hivyo vipo; taa zake huwaka usiku kucha.

Nne, nijibiwe kwa maandishi, na jibu liwe na jina la aliyeamua. Kujibiwa "suala linashughulikiwa" sitakuhesabu kuwa jibu.

Naomba yote haya kabla muhula ujao haujafungua, kwa sababu kundi lingine la mwaka wa nne linachagua miradi wiki ya kwanza, na sitaki kuwaambia tena waigize. Mfadhili ameshaniandikia kuuliza bodi zimefanya kazi gani. Mkataba wake unaruhusu vifaa visivyotumika vihamishiwe chuo kingine cha umma, na barua ya kuomba uhamisho huo nimeshaiandika. Ikifika siku ya kufungua muhula nami sijapata jibu, nitaituma asubuhi hiyo, pamoja na nakala ya daftari la stoo.

Wenu mwaminifu,

Profesa wa sayansi ya kompyuta,
Mombasa.

Nakala: Msajili wa Masomo, Chama cha Wanafunzi, mtunza stoo.